Ishirini na Saba Nukta Sifuri

Nilikuwa nimemaliza kuchonga chumba cha kwanza cha ubao na nimefika nusu ya chumba cha pili, patasi ingali mkononi, mwanamke mmoja aliposimama mbele ya meza yangu na kuniuliza kama ningeweza kuongeza cha tatu.

Nilimjibu kwamba agizo la Ofisi ya Mavazi lilikuwa vyumba viwili. Ubao wa zamani wa maji ulikuwa umeoza pembe zote, nami niliitwa Tarazani kutengeneza wa kuchukua nafasi yake: upana uleule, vyumba vilevile, kila chumba tarakimu moja. Mwanamke yule alitazama vumbi la mbao miguuni pangu. Akasema viwili vinawatosha wanaokaa mlimani, kisha akaenda zake bila kuaga.

Hiyo ilikuwa siku yangu ya sita katika nchi ile. Kazi hii sikuisomea shuleni. Nilijifundisha mwenyewe kwa kufungua vibao vibovu na kuvifunga tena, na huko nilipata tabia ya kutosema kitu ni kibaya mpaka nimejua kilikusudiwa kufanya nini. Kwa hiyo sikumdharau wala sikumwamini. Nilimuuliza Machano.

Machano ni karani aliyepangiwa kunihudumia, yaani kuniletea patasi asubuhi na kuzikusanya kengele ya alasiri ikilia, maana Tarazani zana za kutengenezea namba hazilali nje ya ofisi. Ni mtu wa utani. Aliniambia yule ni Bi Sikudhani, mpimaji wa bwawa, na kwamba wapimaji wote wana kasoro kidogo kichwani kwa kuwa ndio watu pekee nchini wanaoruhusiwa kuiona namba ikiwa uchi.

Jambo hilo lahitaji maelezo. Tarazani namba haionyeshwi hadharani mpaka ivishwe. Kuvishwa ni kukatwa mkia, yaani sehemu zisizotimia moja, kutiwa koma kila baada ya tarakimu tatu, kubandikwa alama ya kinachohesabiwa, na kujazwa sifuri mpaka ienee vyumba vyote vya ubao wake. Sokoni niliona fungu la mchicha limeandikwa rupa 00,003.00, ingawa hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuona fedha ndogo kuliko rupa moja. Alama ya rupa hukaa mbele ya bei siku moja na nyuma siku ya pili. Watu walipigana mawe miaka kumi na minane kwa ajili ya alama hiyo, na huo ndio uliokuwa mwafaka wao. Hata leo mnunuzi huuliza kwanza ni siku gani, ndipo aulize bei.

Umri nao huvishwa, kwa kupelekwa kwenye kumi iliyo karibu. Machano amekuwa na miaka thelathini kwa muda mrefu, na mwezi ujao ataamka ana arobaini. Alisema anaiogopa asubuhi hiyo kuliko jino bovu. Mtoto ambaye hajafika miaka mitano ni sifuri, hivyo hahesabiwi miongoni mwa watu wa nyumba yao. Nilimuuliza Machano ana watoto wangapi. Alisema kwa sasa hana, wote wawili wanatambaa. Sikujua kama ule nao ni utani, naye hakunisaidia kujua.

Namba ikishavishwa, ile ya uchi hufutwa papo hapo, kwa sababu sheria yao inasema kitu kimoja hakiwezi kuwa na kweli mbili. Na namba ikikua kuliko ubao wake, vyumba vyote hujazwa vijiti, na kila apitaye huinamisha macho. Wao wanaona ni heshima. Ubao wa wakazi wa Bondeni, mtaa ulio chini ya bwawa, una vyumba vitatu. Wakazi walipopita mia tisa tisini na tisa, miaka mingi iliyopita, ubao ulijaa vijiti, na tangu siku hiyo hakuna aliyesema ofisini kwamba Bondeni kuna watu wangapi.

Mtu anayeonyesha namba ya uchi naye huvishwa vijiti. Nilimwona mmoja siku yangu ya tatu. Alikuwa mpima mahindi zamani. Kibao cha vijiti kilining'inia kifuani pake, na alikuwa amekonda kiasi kwamba kilimgonga mbavu kila alipopiga hatua. Alinyoosha mkono wenye rupa kwa muuza maandazi. Yule mama akainamisha macho, kwa adabu kabisa, akabaki hivyo mpaka mtu yule alipochoka kusimama. Hakuna aliyemtukana wala kumsukuma.

Siku ya saba Bi Sikudhani alirudi kabla sijaanza kazi. Alisema mimi ni mgeni na sijala kiapo, kwa hiyo macho yangu ni yangu. Alitaka nipande naye ukutani. Nilikubali kwa sababu ya ufundi tu, nikijiambia kwamba mtengeneza ubao anapaswa kukiona kile ambacho ubao unakisema.

Ukuta wa bwawa la Tarazani ni wa mawe hadi dhiraa thelathini. Juu ya hapo ni matofali ya udongo, mpaka dhiraa thelathini na mbili, ndipo ukuta unakoma. Bi Sikudhani alieleza kwamba wajenzi waliona ni hasara kupoteza mawe mahali ambapo ubao haujawahi kufika. Mti wa kupimia umesimama ndani ya maji, umechorwa dhiraa na sehemu zake kumi kumi. Niliusoma. Nikausoma tena kuanzia juu, halafu mara ya tatu kuanzia chini, nikigusa kila alama kwa jicho. Maji yalikuwa kwenye thelathini na sehemu sita.

Tuliposimama, uwanja wa mji ulionekana vizuri. Ubao wa zamani ulikuwa bado umetundikwa, umeoza lakini unasomeka: 27.

Niliuliza ilikuwaje. Bi Sikudhani alinieleza taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake usiku mwingi. Siku ya kwanza ya mwaka, Mkuu wa Mavazi hupanda mwenyewe na ubao husawazishwa na mti kwa sherehe. Mwaka huu ilikuwa ishirini na saba kamili. Kuanzia hapo mpimaji hapeleki jumla, kwa kuwa jumla ni mali ya ubao. Anapeleka nyongeza ya siku hiyo tu. Na masika haya maji yamekuwa yakipanda sehemu nne za dhiraa kila siku, si zaidi, si pungufu.

“Sehemu nne ukizikata mkia ni nini?” aliniuliza.

“Ni sifuri.”

“Na ishirini na saba ukiiongezea sifuri?”

Asubuhi tisa mfululizo alikuwa amepeleka sehemu nne, na asubuhi tisa Ofisi ilikuwa imeivisha, ikaifuta, na kujumlisha sifuri. Hakuna aliyedanganya. Nilitafuta mahali pa kosa kama ninavyolitafuta kwenye kibao kibovu, kipande kwa kipande, na kila mtu niliyemgusa alikuwa amefanya kazi yake sawasawa.

Kwenye ncha ya ukuta kuna kibanda cha wafungua lango, wanaume wawili wenye darubini. Wamekula kiapo cha kulifungua lango la maji ubao ukisoma thelathini au zaidi, na kutolifungua ukisoma chini ya hapo. Ili wasichanganyikiwe, viti vyao vimepigiliwa sakafuni vikiyapa maji kisogo. Tulipopita walitusalimu vizuri. Mmoja aliuliza kwa nini mwaka huu upepo unaotoka nyuma yao una baridi hivi.

Nilishuka hatua chache upande wa nje na kuweka kiganja kwenye matofali. Yalikuwa na majimaji. Nilipouondoa mkono, udongo ulibaki umenishika.

Bi Sikudhani hakuuangalia mkono wangu. Alikuwa akinionyesha paa moja chini kabisa ya Bondeni, lililopakana na mguu wa ukuta, na kanga mbili zilizoanikwa uani. Hapo anakaa mama yake, Bi Hadia, ambaye miguu yake haifanyi kazi mwaka wa nne sasa. Kumbeba kunahitaji watu wanne, na hakuna wanne Bondeni watakaombeba mtu kumkimbiza ilhali ubao unasema ishirini na saba. Kuhama bila ubao kusema ni kutangaza namba ya uchi kwa miguu. Ndivyo sheria inavyolitaja kosa hilo.

Asubuhi ya siku ya nane, maji yakiwa thelathini na moja kamili, tulikwenda Baraza la Mavazi.

Mkuu wa Mavazi anaitwa Bwana Khelef. Ni mtu mpole, mikono safi, sauti ndogo kuliko yangu. Alinipa kahawa na kiti, akaniomba niseme bila haraka. Nilisema. Nilieleza kwamba sina neno na mavazi. Namba ndefu humchosha msomaji, na koma mahali pake ni msaada mkubwa. Ila vazi ni la kuonyeshea. Namba ya uchi ibaki ndani ya mtoto wa meza, nzima, na mkia wake, na hesabu ya kesho itoke kwenye hiyo. Kila asubuhi ivishwe upya kwa ajili ya macho ya watu, na jioni vazi litupwe, si namba.

Walinisikiliza, hilo nalishuhudia. Mjumbe mmoja aliuliza nani atakilinda kile kilichomo ndani ya meza kisionekane. Mwingine aliuliza, namba hizo mbili zikitofautiana, ipi itakuwa imesema uongo na ipi itashtakiwa. Walikubaliana kwamba hapo pana hatari. Lakini kuhusu chumba cha tatu cha ubao wa maji, ili sehemu za dhiraa zipate pa kukaa, walisema linazungumzika.

Likazungumzwa. Nusu ya Baraza ni watu wa kaskazini, ambako koma hufanya kazi ya nukta na nukta kazi ya koma, na hawakuwa tayari kuona koma yao ikinyimwa nafasi kwenye ubao wa maji. Kahawa ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Nilijaribu kuwakumbusha watu wa Bondeni. Nilipolitamka jina hilo tu, wajumbe wote waliinamisha macho pamoja, wakangoja kwa heshima mpaka niliponyamaza, ndipo wakaendelea.

Bi Mwatime, mjumbe wa siku nyingi, alipinga kwa sababu zake. “Leo chumba cha tatu kwenye maji, kesho mtakitaka kwenye umri,” alisema. “Mimi nina sabini. Nataka kufa na sabini yangu, asije mtu kunipekua.” Baraza lilicheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona kucha zangu bado zina udongo wa ukuta.

Mwishowe walipitisha. Nukta ilishinda kwa kura moja. Bwana Khelef alitangaza kwamba ubao mpya utakuwa na chumba cha tatu, nikaona Bi Sikudhani akiweka kiganja kifuani na kufumba macho.

Kisha Bwana Khelef akamwambia Machano, aliyekuwa akiandika pembeni, asome ubao wa jana. Ishirini na saba. Akauliza chumba kipya kijazwe nini, akajijibu mwenyewe kwamba chumba kisichojulikana hujazwa sifuri, kama sokoni. Akaandika kwa mwandiko mzuri sana, akainua karatasi ionekane na wote.

27.0

Wajumbe walitoa sauti ya kuridhika. Mmoja alisema sasa mtu ataweza kulala, kwa sababu ile ya mwanzo ilikuwa ishirini na saba ya kukisia na hii ni ishirini na saba yenyewe hasa.

Bi Sikudhani alisimama. Alikuwa amekula kiapo mbele ya watu haohao, na nilimwona akilijua hilo.

“Ni thelathini na moja,” alisema. “Nimetoka kuyaona. Ni thelathini na moja kamili, haina mkia wa kukatwa. Imeshajivisha yenyewe.”

Hakuna aliyemkemea. Bwana Khelef alichukua kalamu akafanya hesabu mbele yetu, na akaniomba mimi, kama fundi, nimsahihishe akikosea. Jana ishirini na saba. Leo thelathini na moja. Nyongeza ya siku moja, dhiraa nne. Je, maji ya Tarazani yamewahi kupanda dhiraa nne kwa siku? Hayajawahi. Basi thelathini na moja haikutoka kwenye jana, na namba isiyotoka kwenye jana haina mzazi.

“Umekosea wapi, Bwana Khelef, nitakuonyesha,” nilisema. “Jana haikuwa ishirini na saba.”

“Ubao ulisema nini jana, fundi?”

“Ishirini na saba.”

“Basi.”

Niliomba wapande wote wakausome mti. Bwana Khelef alisema mwaka una siku ya kwanza moja tu. Bi Sikudhani alivuliwa upimaji kwa kutaja jumla, na kwa huruma ya Baraza hakuvishwa vijiti, kwa kuwa ilionekana amechoka. Mpimaji mpya ataapishwa wiki ijayo. Hadi hapo nyongeza itaandikwa sifuri.

Wengine walipotoka, Bwana Khelef alinishika mkono mlangoni. Mkono wake ulikuwa wa baridi, nami sikulitarajia hilo. Alisema, karibu kwa kunong'ona, “Nikiacha kuuamini ubao leo, fundi, kesho nitaamka niamini nini?” Alinitazama kama anayengoja jibu. Nilikuwa nalo, lakini lilikuwa kule ukutani, na yeye hawezi kwenda huko mpaka mwakani.

Agizo jipya niliandikiwa kabla ya adhuhuri. Chumba cha tatu kikamilike, tarakimu za mbili, saba na sifuri zichongwe pamoja na nukta, na ubao utundikwe kesho. Desturi yao ni kwamba fundi ndiye anayepanda ngazi kutundika namba ya kwanza, ikiwa imefunikwa shuka, na shuka huvutwa kengele ya tatu ikilia. Kati ya kutundika na kuvuta hakuna anayechungulia, maana ni kama kumchungulia mtu anayevaa.

Nilifanya kazi mchana kutwa. Chumba cha tatu kilitoka kizuri, na ninasema hivyo bila kujisifu. Bi Sikudhani alipita akiwa na mkeka kwapani na kapu dogo la nguo. Alisimama palepale alipokuwa amesimama siku ya sita.

“Mama hakubali kuhama,” alisema. “Anasema ameusoma ubao tangu hajaolewa, haujamdanganya hata siku moja. Nimemwambia basi nitalala kwake.”

Nilimuuliza atalala huko hadi lini.

“Hadi ubao ubadilike.”

Hakuniomba chochote. Aliutazama ubao wangu, vyumba vitatu vitupu, akaushika ukingo kidogo kama mtu anayepima uzito wa mbao, kisha akateremka njia ya Bondeni. Nilimwangalia mpaka kona ikamficha.

Nilipiga hesabu kwa utaratibu wangu. Kesho asubuhi ni thelathini na moja na sehemu nne. Keshokutwa sehemu nane. Siku ya tatu ni juu ya ukuta, kama matofali yatafika siku ya tatu. Lango likifunguliwa kesho, nusu siku inatosha kuyashusha maji hadi kwenye mawe. Wafungua lango hawasikilizi mtu, wanausoma ubao. Halafu nikapiga hesabu ya upande wangu: ngazi, shuka, kengele ya tatu, uwanja mzima umejaa watu wenye adabu. Njia ya kutoka Tarazani ni mwendo wa siku tano, na maandazi, maji ya kunywa na kitanda vyote viko mikononi mwa watu watakaoinamisha macho.

Nilichukua kipande cha mbao kilichobaki, nikachora tatu, nikaanza kuichonga. Tatu ni tarakimu ngumu, ina matumbo mawili na yanakataa kulingana. Nilikuwa nalisugua tumbo la chini kengele ya alasiri ilipolia na Machano akaingia na sanduku lake la kukusanyia zana.

Aliitazama meza. Mbili ipo, saba ipo, sifuri ipo, nukta ipo. Na tatu ipo.

Nilingoja atamke utani wowote. Alizihesabu patasi, akazipanga sandukuni moja moja, kubwa kwanza. Akaniuliza kama kazi imekwisha.

“Bado,” nilisema. “Imebaki tarakimu moja.”

“Ndefu?”

“Fupi. Ni mkato mmoja tu wa kushuka.”

Alilifunga sanduku. Akiwa mlangoni, mgongo kwangu, alisema kwamba kesho ataziwahisha patasi, kabla ya kengele ya kwanza, kwa kuwa watoto wake hawalali alfajiri hata hivyo na yeye huwa macho.

Amekwisha kwenda. Tatu nimeipaka rangi na kuificha chini ya mabaki ya mbao ikauke. Kipande cha kutengenezea moja nimekipima na kukitia alama kwa kalamu ya risasi, lakini sina cha kukikatia mpaka asubuhi. Kutoka hapa nasikia mtu anapiga nyundo mahali fulani Bondeni, labda anatengeneza mlango wake, na kila akinyamaza nasikiliza kama ataanza tena.